Risasi za Pole kwa Bunduki Kongwe

Aliyenifundisha kujaza baruti kwenye risasi hakuwahi kuonja nyama maishani mwake. Alikuwa jirani yangu hapa Harrow, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Nairobi, mtoto wa fundi bunduki. Kila Jumapili mkewe alimpeleka hekaluni Neasden, vidole bado vinanuka mafuta ya bunduki. Mie ni Mpemba, karani, niliyeletwa huku ughaibuni na wazazi nikiwa mdogo. Tulijuana siku nilipomsikia, upande wa pili wa ua, akiitukana kwa Kiswahili mashine yake ya kukatia majani.

Magoti yalipomshinda, bunduki yake ya urithi ilihamia kwenye leseni yangu, polisi wakaridhia. Ilikuwa na zaidi ya miaka mia. Ni aina ile ambayo unasukuma wenzo ulio chini ya kifyatulio, ganda tupu linaruka nje, ukiurudisha risasi mpya inaingia. Risasi za dukani hakutaka hata kuzisikia.

"Skiza, bwana mdogo," aliniambia tukiwa gerejini kwake. "Hii chuma ni kizee. Kizee humtwiki gunia la mahindi."

Lakini pia hakutaka risasi legelege. Sheria ya huku inataka risasi ya kumwindia paa iwe na nguvu isiyopungua kiwango fulani, na yeye alikuwa na sheria yake juu ya hiyo. "Mimi sili nyama. Anayekula, aue vizuri."

Basi tukatafuta katikati. Majira mazima ya baridi tulikaa gerejini, nikipima baruti kwenye mizani ndogo, punje kwa punje, nikiandika kila kipimo. Jumamosi nikizipeleka uwanja wa shabaha, nikipiga karatasi, nikirudi na maganda matupu mfukoni. Aliyageuza chini ya kioo cha kukuzia, akitazama fataki, kile kidude kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti. Ikiwa imebonyea na kutandazika, alilisukuma ganda pembeni. "Imelia hiyo. Punguza." Mwishowe tukapata kipimo ambacho ile bunduki kizee ilikibeba bila kulalamika, na paa akianguka pale pale. Risasi ile ya pole haikuharibu nyama. Ulikula mpaka ukingoni mwa tundu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayeishi Croydon, alikuwa na leseni yake na bunduki mpya. Alizicheka risasi zetu. "Hizo za kuulia njiwa, shemeji." Aliomba kuijaribu bunduki ya mzee, nami, kwa heshima ya ukwe, nikakubali aitumie kwenye shamba nilikoruhusiwa kuwinda, nikiwa ubavuni mwake.

Asubuhi ile, tukishuka garini, nilimwona akitumbukiza risasi kwenye bunduki. Zetu zilikuwa na vichwa vya kijivu, butu. Za kiganjani mwake ziling'aa. Niliziona. Nikajua kuwa si zetu. Nikatazama kando, kwa sababu alikuwa shemeji, na kwa sababu nilichoka kuchekwa.

Paa alitoka kichakani, akasimama ubavu. Shemeji akapiga. Mlio haukuwa ule ninaoujua, ulinipiga kifuani. Moshi moto ukamrudia usoni, akapiga yowe, akaitupa bunduki kwenye matope. Wenzo ulikuwa umekwama na ganda limepasuka ndani.

Paa hakuanguka. Alikuwa anajiburura kwa miguu ya mbele.

Tulimkuta kwenye mtaro. Risasi ilikuwa imempasua tumbo na kuvunja nyonga, na vilivyokuwa tumboni vimetapakaa juu ya nyama: majani mabichi, kinyesi, damu, vikitoa mvuke kwenye baridi. Harufu ile nilikaa nayo puani siku nyingi. Alikuwa akinitazama. Nikapiga bismillahi, nikamchinja haraka.

Nyuma yangu nikasikia, "Shemeji, rudia kisu. Simu haikuwahi kunasa."

Niligeuka. Alikuwa na mkwaruzo mdogo shavuni na simu mkononi, anatabasamu. Nilitapika pale pale mtaroni.

"Risasi hizi umezipata wapi?" nilimwuliza nikijipangusa mdomo.

"Rafiki yangu anazijaza. Ana bunduki kama hii, ila mpya. Kumbe lenu bovu."

Nyama hatukuweza kuokoa hata kipande. Tulimzika.

Nilipompelekea mzee bunduki, hakuuliza kwanza habari zake. "Mnyama alikufa upesi?"

"Hapana, mzee wangu."

Alilitazama lile ganda lililopasuka, akalirudisha kiganjani mwangu kana kwamba nimempa kitu cha chooni. Fundi alikuja kukuta ufa kwenye chuma kinachofunga risasi. Bunduki ile haitapigwa tena.

Wiki chache baadaye mama mkwe alitualika chakula cha mchana. Shemeji alikuwa kishawatangulizia kisa chake. Bunduki ya kizee imempasukia usoni, almanusura jicho, na mie ndiye niliyemkabidhi. Picha ya paa, tumbo wazi, ilikuwa inapita kwenye simu juu ya sahani za biriani. Watoto wake walitazama wakasema "gross", kinyaa kwa Kiingereza chao, na yeye akacheka.

Sikuwa mtu wa kusema mezani kwa wakwe. Siku ile nilisema. Nikaeleza risasi za pole, majira ya baridi mazima, risasi zake za kung'aa, na ile "rudia kisu". Shemeji akainamia wali.

Mama mkwe alikuwa ananisikiliza mkono shavuni. "Na weye uliziona anazitia?"

"Niliziona, mama."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Akatutazama, mmoja baada ya mwenzake, kama mtu aliyefunua chungu akakuta kimevunda. "Basi mnatia kinyaa nyote wawili," alisema. Akainuka, akaondoa sahani ya mwanawe, kisha yangu, na zote zilikuwa bado zimejaa.