Waliotuzingira Ukunguni

Tuwapige risasi au tusubiri? Swali hilo lilininyima usingizi siku mbili. Ilikuwa wakati wa vita, nami, karani niliyetoka shule juzi tu, ndiye niliyemshawishi sajenti kwamba kambi yetu nje ya Makambako imezingirwa. Kila ukungu ulipopungua, tuliwaona watu wameketi kuzunguka ua, kimya, wamejifunika blanketi. Tulifunga lango mpaka maji yakatuishia.

“Msomi, nipe neno,” sajenti alisema, bunduki begani.

Nilitoka peke yangu, mikono juu. Bibi mmoja aliinua uso.

“Mwanangu, mpishi wenu mliyemzika juzi ni wetu, wa kijiji cha Kichiwa. Kwetu nyumba iliyozika ndiyo huanzisha kilio. Tunawangoja.”

Nilimwita sajenti aweke bunduki chini, aje tulie.