Honorata Jina la Mwisho, na Bundi Analia

Ukitaka mtu wa kukutengenezea mwanzo wa sinema ya majini, Kigoma nzima ni Telesphory. Usibishane na mimi. Kibanda cha video cha Kasingirima ni changu, na hakuna sinema iliyoogopwa mji huu bila kupita kwenye spika zangu.

Telesphory ana chumba mtaa wa Mwanga, nyuma ya mafundi cherehani. Zamani alikuwa anapiga picha za pasipoti, watu wote wanatoka kama wamefiwa. Nikamwambia, "Wewe kipaji chako ni kutisha, acha kukichezea." Akanunua kompyuta. Huyo ndiye msanii mnayemsifu leo. Shukrani mniletee mimi.

Kazi yake ni yale majina yanayotoka kabla sinema haijaanza. Kioo kinakuwa cheusi. Moyo unadunda. Radi inapiga, hata kama sinema imechezwa kiangazi mpaka mbuzi wanalamba vumbi. Mkono unatoka ziwani, unarudi. Halafu majina. Na watu wangu wa Kasingirima hawasomi majina kama nyinyi, wao wanayapigia ramli. Jina likidondosha damu, huyo atakufa mapema, usimzoee. Likitoka na moshi, huyo ni jini. Na lile linalokuja la mwisho, peke yake, herufi kubwa, bundi analia, huyo ndiye mchawi mwenyewe. Kila mtu anajua. Mtoto anayenyonya anajua.

Asiyejua alikuwa Telesphory. Yeye anatengeneza tu, sinema haangalii. Anaogopa.

Tena hana mtindo mwingine. Video ya harusi ya Elikana aliifungulia kwa radi, jina la bibi harusi likachuruzika damu. Ndoa ipo mpaka leo, ila mama wa binti bado anafunga na kuomba.

Sasa huyu bwana akampenda Winfrida, binti wa Mama Honorata anayeuza mawese sokoni Mwanga. Mshenga? Mimi. Nani mwingine ana mdomo huu? Mambo yalikuwa yanaiva. Ikatokea tunacheza sinema ya hapahapa, Pepo la Kasingirima, na Mama Honorata akapewa nafasi ya mama mwombaji, anayepiga magoti mpaka mchawi na pepo lake wanaungua. Telesphory akaona hapo ndipo pa kumheshimu mkwe. Akampa nafasi ya mwisho, peke yake, herufi kama milango ya kanisa. Na bundi wake bora kabisa.

Siku ya kuonyesha, Mama alikuja mchana na wanakwaya wenzake, vitenge vipya. Majina yakapita. HONORATA. Bundi akalia.

"Huyooo!" kibanda kizima.

Kuanzia hapo hakuna aliyemsikiliza tena. Akipiga magoti, Feliksi muuza chipsi anapayuka, "Msimwamini, anaita wenzake!" Pepo likaungua, watu wakasema wamegombana wenyewe kwa wenyewe. Mama aliondoka kabla haijaisha.

Kesho yake sokoni, Regina, mteja wake wa miaka yote, akanusa chupa ya mawese.

"Mama, haya yamekamuliwa mchana au usiku?"

"Regina! Si tunasali wote?"

"Nauliza tu, mama yangu." Akaenda kununua kwenye meza ya pili. Wiki ikaisha ndoo za Mama zimejaa vilevile.

Tukaitwa nyumbani, mimi na bwana harusi wangu.

"Shikamoo, Mama."

"Sitaki shikamoo zenu. Wewe Telesphory, nilikukosea nini?"

"Mama, nilikupa heshima. Lile ndilo jina kubwa kuliko yote."

"Heshima ya bundi? Jina langu mlisafishe palepale mlipolichafulia. Nikiuza mawese yangu, tutaongea habari za Winfrida. Nisipouza, kaoe kompyuta."

Winfrida alikuwa mlangoni, kanga mdomoni. Sijui analia au anacheka.

Telesphory akaingia kazini. Akamtoa bundi, akaweka jogoo. Nikaonyesha tena, kiingilio bure. "Mmeona?" Feliksi akasimama. "Bundi kajigeuza!" Akaweka maua ya waridi. Wakasema mchawi kajificha kwenye maua. Jamaa akaja kwangu, macho mekundu, amekonda kama dagaa wa jana.

"Kaka, nimemkosa Winfrida."

"Hujamkosa, mjinga wewe. Nafasi ya mwisho ni nafasi ya mwisho hata ukiweka malaika. Lazima akae mtu mwingine."

"Nani atakubali?"

Wachezaji wote walikataa, hata aliyecheza mchawi. Anasema ana familia. Nikajipiga kifua. Kwenye sinema ile mimi nilipita mara moja tu, na baiskeli, nyuma ya Mama akiomba.

"Weka langu. Na bundi mrudishe, tena mnene. Mimi sichezi na jogoo."

Jina langu lilipotoka, mabati yalitikisika. Sinema nzima watu wananitafuta. Nikapita na baiskeli, nusu dakika haifiki, kibanda kikalipuka: "Ndiye! Kumbe! Ona anavyokanyaga pedeli!" Na Mama Honorata akipiga magoti safari hii, wanawake wakaitikia amina.

Kesho yake Regina alikuwa wa kwanza mezani. Anataka mawese ya kumpaka mjukuu, maana yametoka kwa mama aliyemshinda mchawi. Mama hakumsahihisha. Alimpimia tu.

Posa ikapita. Winfrida alitoa sharti moja: video ya harusi yake isiguswe na bwana harusi. Mimi mshenga nikakalishwa meza ya mbele, peke yangu. Sinia zima la pilau, hakuna mkono mwingine uliosogea. Watoto wa Kasingirima siku hizi wananipa shikamoo wakiwa ng'ambo ya barabara. Jina kubwa ndivyo lilivyo.

Wakati wa kuagana, Mama Honorata akanivuta pembeni, akanishika mkono.

"Mwanangu, umenisitiri. Mungu akubariki." Akaangalia kushoto, kulia, akashusha sauti. "Lakini hebu niambie ukweli. Siku ile, na ile baiskeli... ulikuwa unakwenda wapi?"