Bahari Iliyokuwa Juu Yetu

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba niliogelea baharini nikiwa darasa la sita. Sikuogelea. Nilikimbia.

Enzi zile sisi watoto wa Marangu tuliyajua maji kwa mfongo, ule mfereji unaoshuka kutoka mlimani na kupita migombani kwa zamu. Maji hutoka juu, huja chini. Hata mbuzi alilijua hilo. Basi shule ikatupeleka Tanga, tukiwa na ndoo ya ndizi za kuchemsha na chupi mpya kwa heshima ya bahari. Niliposhuka kwenye basi nikatazama mbele. Bahari ilikuwa imepanda. Kule mwisho ilikuwa juu kuliko kichwa changu, imeegemea mbingu, haina ukingo wala mwenye zamu wa kuyafunga maji. Wenzangu walirukaruka wakipiga kelele. Mimi niligeuka kutafuta mlima wa kukimbilia, na pale ufukweni hapakuwa hata na kichuguu. Nikaishia juu ya keria ya basi.

"Shuka, wewe," mwalimu aliniambia. "Bahari haina haja nawe."

Sikushuka mpaka saa ya kurudi.

Nyumbani nilisimulia mawimbi wiki nzima. Mama alinisikiliza huku akimenya ndizi, akauliza mara moja tu, "Na chumvi yake ikoje?" Nikajibu kama mtaalamu.

Miaka ikapita, simu za mkononi zikafika Moshi nilikohamia, na binti yangu Neema akaja na habari za safari ileile. Watoto hawa wameiona bahari kwenye televisheni kabla hawajafika hata Himo hapo jirani, hawashtuki. Niliyeshtuka ni mimi. Elimu yangu yote ya chuo kikuu ikageuka kiwanda cha visingizio vya kumzuia asiende: joto, malaria, breki za basi. Neema akaninunia, na Jumapili akapanda Marangu kunishtaki kwa bibi yake.

Wazazi wetu waliogopa kimya, wakakufungia ndizi, ukaenda. Sisi tuliosoma tunaogopa kwa hoja.

Kesho yake simu ikaita. Mama huwa ananibipu tu. Siku hiyo alipiga kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeongea na mwalimu wa Neema. Mzazi wa kuwasindikiza watoto amepatikana."

"Nani?"

"Mimi. Nimezeeka sijaiona. Jumamosi tunaondoka, wewe uje mapema, ukate majani ya ng'ombe."