Posa ya Nyambizi

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilipokuwa nasoma Birmingham, watu wetu wakiniuliza nasomea nini nilikuwa na majibu mawili. Kwa mwenye haraka nilisema, "Vyuma." Kwa aliyekwisha kukaa na kushika kikombe nilisema ukweli: nasomea jinsi Warusi walivyochomelea nyambizi zao za titani. Wengi walicheka, kisha wakasubiri na mimi nicheke. Sikucheka. Mama mmoja niliyekaa naye kwenye treni aliniuliza nitaolewa na nani sasa, nahodha? Nilinuna mpaka stesheni ya New Street.

Nilinuna kwa sababu kitu chenyewe kizuri mno. Titani ni nyepesi kuliko chuma na nguvu inazo, na sumaku haina habari nayo. Ila kuichomelea ni balaa. Ikipata moto inakunywa hewa, na ikishakunywa hewa inakatika kama biskuti. Warusi walipoamua kuunda nyambizi nzima kwa titani, walijenga vyumba wakavijaza gesi ya argoni badala ya hewa, na mafundi wakaingia humo wamevaa mavazi ya kuzuia gesi, wakivuta pumzi kwa mipira, kama wapiga mbizi walioko nchi kavu. Nyambizi yao ya kwanza ya titani ilikwenda kasi chini ya maji kuliko manowari nyingi zinavyokwenda juu. Mimi nilisoma hayo chumbani kwangu Selly Oak, hita imezimwa kwa ubahili wa wenzangu, nikasahau baridi.

Kijana mmoja wa mtaa wa Ladywood nilikutana naye kwenye stesheni ya Selly Oak. Alikuwa muuguzi, ametoka kazini, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nachora. Aliinama akauliza, "Samaki gani huyu, dada?" Nikamwambia si samaki, ni nyambizi, na kama hana la kusema aniache. Akaniuliza mbona ina maganda mawili. Watu huniuliza swali la kwanza, kwa adabu. La pili hakuna aliyewahi kuniuliza. Treni ikaja, tukaiacha ikaenda zake. Ikaja ya pili, nayo tukaiacha.

Basi nilimpenda, na nasema hivyo bila kuzunguka. Tatizo lilikuwa Stechford, nyumbani kwa baba mdogo, ndugu yake baba, aliyekuwa mlezi wangu Uingereza. Baba alikuwa amempigia simu kutoka Tanga akampa agizo moja: mtu atakayekuja kumtoa mtoto kwenye masomo, hata aje na dhahabu, arudi na dhahabu yake. Baba mdogo aliligeuza agizo lile kuwa mtihani. Posa ikija, kabla ya lolote aliuliza, "Binti yangu mnajua anasoma nini?" Wa kwanza walijibu, "Unesi, inshallah." Wa pili walisema, "Mambo ya kompyuta, lakini akishaolewa si kitu." Wote walikunywa chai wakatoka. Na baba mdogo akishasema hapana harudi nyuma hata nyumba ikiungua. Hao wawili hawakunihusu, nilicheka sana jikoni. Huyu wa Ladywood nilimtaka, na alikuwa na Jumapili moja tu.

Kwetu mwoaji haji kujiposea. Alibaki Ladywood, amekaa na simu mapajani, akawatuma wazee wawili: mjomba wake aliyemlea, na mzee mmoja wa Mombasa mwenye maneno matamu, ambaye ndiye angesema. Mjomba aliambiwa akae kimya. Alikuwa mhandisi wa lifti za maghorofa, mtu mwema, lakini alikuwa amesomea injini za meli Leningrad enzi za Wasovieti, na akianza hilo hamalizi. Aliposikia mpwa wake amepata msichana anayesoma nyambizi za Kirusi alivaa koti palepale, ikabidi aelezwe kwamba siku ya posa si leo.

Msichana naye haonekani. Nilikuwa jikoni na mama mdogo, mke wa baba mdogo, tunakaanga sambusa, sikio liko mlangoni. Mzee wa Mombasa alianza vizuri: wametembea, wamepita bustani nyingi, wameona ua. Baba mdogo akamkata. "Ua lenyewe mnajua linasoma nini?"

Mzee akakohoa. Nikasikia kiti kinasogezwa.

"Hilo nijibu mimi," mjomba akasema. "Anasoma nyambizi. Tena za titani. Bwana, una chupa ya chai?"

"Chai ipo mbele yako."

"Chai nimeiona. Nataka chupa."

Nikachungulia kwenye upenyo. Chupa ile ya maua mama mdogo aliletewa na dada yake kutoka Dubai, na ilitoka kabatini kwa wageni tu. Mjomba alimimina chai yote vikombeni, mpaka vikafurika sahanini, akaigeuza chupa, akafungua kitako.

"Yarabi, chupa yangu!" mama mdogo akanong'ona.

"Mama mdogo, hebu tusikie."

"Tazama," mjomba alikuwa anasema. "Ganda la nje hili. La ndani hili, na humu ndimo wanamokaa watu. Hapa katikati maji yanaingia ukitaka kuzama, unayasukuma nje ukitaka kupanda. Mmarekani anapenda ganda moja, nyambizi iwe nyepesi, iwe kimya. Mrusi anasema mimi nataka nigongwe, nipasuke nje, na bado nirudi nyumbani nikale."

"Ahaa," baba mdogo akasema. Ile ahaa naijua. Ni ya mtu anayetaka kusikia zaidi.

Mjomba akapata nafasi aliyoikosa miaka yote Birmingham. Alieleza vipande vya mpira vinavyobandikwa juu ya ganda ili sauti isirudi kwa adui. Alieleza chumba cha kuokolea watu, kinachochomoka kizima na kuelea na mabaharia wote ndani. Akasema ile kubwa kuliko zote ina sauna na kibwawa cha kuogelea.

"Kuogelea?" baba mdogo akauliza. "Na wamo ndani ya maji?"

"Sasa wakaogelee wapi, bwana? Wanakaa chini miezi!"

Baba mdogo akacheka kicheko chake cha tumboni. Mzee wa Mombasa naye alicheka, kisha akala sambusa, kisha akasinzia. Jikoni mama mdogo alinifinya kwa furaha. Nikahesabu kwamba jambo limeiva, na kama ningetulia hapo, lingeisha lenyewe.

Ndipo mjomba akasema, "Na mshono wao wa titani, wallahi, ulikuwa bluu. Bluu ya tausi. Ukiona bluu ujue hapo kapita fundi."

Sijui nilifikaje sebuleni. Najua tu nilikuwa nimesimama katikati ya zulia, mwiko mkononi, unga kwenye mtandio, nasema, "Si kweli, mzee! Bluu ni mbaya!"

Mzee wa Mombasa akaamka. Baba mdogo akaniangalia kama aliyeona sufuria imetembea. Posa haijajibiwa, na binti mwenyewe kajitokeza kumbishia mkwe.

"Shikamoo," nikakumbuka.

"Marahaba," mjomba akajibu polepole. "Mbaya kwa vipi?"

Hapo ningeweza kurudi jikoni. Lakini aliuliza. "Mshono mzuri unang'aa kama fedha," nikasema. "Ukiwa wa manjano kidogo, kama majani makavu, unavumilika. Bluu maana yake gesi ilipungua na hewa imeingia. Ukiwa wa kijivu kama jivu, hiyo kata utupe."

Mjomba alitia mkono mfukoni akatoa kipande cha titani, kidogo kama kiberiti, kina mshono katikati, bluu inayowaka. Akaniwekea kiganjani.

"Leningrad nilikaa bweni moja na Mrusi," akasema. "Sisi wageni mambo ya nyambizi hata kuuliza haikuruhusiwa. Yeye alipoajiriwa kwenye uundaji wa nyambizi, alirudi siku moja akanipa hiki. Mimi nikasema, rafiki yangu huyu kanichagulia kizuri kuliko vyote. Nimezunguka nacho dunia."

Nilikigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kizuri kweli, na kilikuwa kibovu kweli. Nilitaka kudanganya. Nilijaribu, mdomo ukakataa.

"Hiki kilikataliwa, mzee," nikasema. "Ndiyo maana alikipata. Kizuri kingekwenda majini, asingeweza kutoka nacho getini."

Akanikodolea macho. Mabega yakaanza kumtikisika, nikaogopa analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na vikombe vikalia. "Miaka yote naringia takataka! Nimewaonyesha watu! Nimemwonyesha imamu!" Baba mdogo akaangua kicheko naye, na mama mdogo, ambaye alikuwa amenifuata ili anivute nirudi, akasahau kunivuta akakaa kwenye mkono wa kochi.

Kicheko kilipopoa mjomba alikipokea kipande chake akakifuta kwa kidole. Yule rafiki, alisema, alikwenda kuhudumu kwenye nyambizi zenyewe, na barua zikakoma. Ilipotangazwa nyambizi ile ya Warusi iliyozama na watu wake wote, alikaa mbele ya televisheni kutwa akitafuta uso anaoufahamu. Hakuuona, wala hajui kama afurahi. Kisha akakirudisha mfukoni, kilekile kibovu, akapiga juu yake mara mbili kwa kiganja. Mimi nilimpenda mzee yule kuanzia hapo, kwa nafsi yake, si kwa ajili ya mpwa wake.

Baba mdogo akajikohoza. "Haya. Na masomo yake? Akishaolewa?"

"Aache?" mjomba akaruka. "Akiacha mimi nitaongea na nani? Huko Ladywood wote wananikimbia!"

"Tunaahidi ataendelea," mzee wa Mombasa akaingilia, maana hilo lilikuwa neno lake na lilitaka kumponyoka. "Mpaka amalize. Na baada ya hapo akitaka kuendelea, aendelee."

Baba mdogo akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanigeukia, maana sasa mambo yalikuwa yamebaki kwangu. Kwetu binti huulizwa, na asiposema kitu ndiyo jibu. Kimya chake ndiyo ridhaa. Akitia neno, wazee huanza kulitafutia maana, na baba mdogo katika kutafuta maana alikuwa bingwa.

"Binti yangu," akasema, "wazee hawa wamekuja kwa ajili yako. Unasemaje?"

Niliinamisha macho nikatazama zulia. Nilisikia saa ya ukutani, na mafuta ya sambusa yanayonguruma jikoni bila mtu. Kimya kikaendelea. Baba mdogo alikiacha kirefu kwa makusudi, kwa vile hakuwahi kukisikia kutoka kwangu na alitaka hakika. Mzee wa Mombasa alikivumilia. Mjomba wa watu kikamshinda.

"Ajabu ni kwamba," akasema, kama anayeongea na dari, "waliziacha nyambizi za titani. Nzuri vile. Nafikiri ni kutu. Chumvi ya bahari ilizila."

Kutu! Titani na kutu! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Titani unaweza kuitupa baharini, ukazeeka, wajukuu wako wakaja kuitoa inang'aa vilevile. Waliziacha kwa gharama, kwa taabu ya vyumba vile vya gesi, kwa mambo kumi mengine, lakini kutu! Ulimi ulikuwa tayari umeshagusa meno. Mpaka leo mjomba hasemi kama alikosea au alinitega. Mama mdogo alinishika kifundo cha mkono akakibana kwa kucha.

Baba mdogo alikuwa amenisikia nikihubiri titani kila Jumapili kwenye pilau yake. Aliijua kuliko alivyopenda kuijua. Akamwangalia mjomba. Akaniangalia mimi. Akasubiri. Nilifikiria benchi la Selly Oak na treni tulizoziacha, nikang'ang'ania ua moja kwenye zulia, machozi ya ghadhabu na ya raha yakinichuruzika pamoja.

"Amenyamaza," baba mdogo akasema. "Wazee, kwa hilo amenyamaza. Basi anamtaka kweli. Tusome Fatiha."

Mikono ikainuliwa. Nami nikainua yangu, unga na yote, nikasoma kimoyomoyo, nikasema amin pamoja nao, nikajifuta uso. Kisha nikainua kichwa.

"Mjomba," nikasema, "titani haishiki kutu."