Mbao Nne za Gari la Mungu

Treni ya abiria ilisimama kwa kushtuka, na Masilamani Asari akashuka katika mji wa wilaya ambao hakuwahi kuukanyaga tangu azaliwe. Hakuwahi kuwa na sababu. Magogo ya msaji, patasi, mke, vyote alivipata karibu na karakana yake, mahali pa kufika kwa baiskeli. Leo alikuja kwa sababu mbao zake nne zilikuwa zimekamatwa na polisi.

Alimuuliza muuza maua ya jasmini njia ya mahakamani.

"Kesi ya shamba, baba?"

"Ya mbao."

"Uliiba?"

"Nilichonga."

Yule mama akampima kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. "Basi fuata makoti meusi ya mawakili. Yalipojaa kama kunguru jalalani, ndipo hapo."

Mbao zenyewe zilikuwa za gari la mungu mke wa mji wake, gari la mbao refu kama nyumba ya ghorofa, ambalo wenyeji hulivuta kwa kamba kila mwezi wa Panguni. Daraja lake la chini lilikuwa limeoza, na kwa miaka sita mungu alikuwa hajatoka kuwatembelea watu wake. Wazee walikufa wakisubiri. Kwanza fedha za kamati zilikwisha, kisha mhimili wa magurudumu ukapasuka, lakini lawama zote zilimjia fundi. "Asari, mwaka huu je?" Aliulizwa sokoni, aliulizwa kwa kinyozi, aliulizwa hata msibani, maiti haijatoka ndani.

Daraja la chini ni la wapenzi. Juu hukaa miungu, katikati wapiga ngoma na tembo, na chini mume na mke wakifanya yale ambayo, bila hayo, asingezaliwa mtu wa kuvuta kamba. Masilamani alifundishwa na baba yake kuwachonga tangu ndevu zinaanza kumtoka, kwa sauti ileile ya kufundishia tembo: goti limezidi, bega limelala, rudia. Hakuna aliyecheka. Na bila wapenzi wale kuhani hampandishi mungu garini, kwa kuwa gari halijatimia.

Mbao zilipokuwa tayari, zikaegemezwa ukutani kusubiri mhimili mpya. Hapo ndipo alipokuja Profesa Hymavathi na kamera yake. Alikunywa kahawa, akasifu, akapiga picha, akaenda zake kuandika kitabu kinene cha Kiingereza juu ya mapenzi na ibada. Kitabu kilipotoka, Bwana Sivaprakasam, mwenye duka la vyombo vya chuma mjini kwao, alikifungua, akakutana na picha, akakimbilia mahakamani: kitabu ni kichafu na kinawavunjia heshima miungu. Polisi wakaambiwa watafute chanzo cha picha hizo. Mtu mwingine angedhani chanzo cha picha ni mpiga picha. Wao walikuja karakanani na lori.

Nje ya mahakama, kwenye kibanda cha chai, Masilamani alimkuta Sivaprakasam mwenyewe akipuliza glasi yake.

"Karibu, kaka Asari! Mpe chai huyu, sukari nyingi. Kaka, sina ugomvi na wewe hata chembe."

"Nimefurahi kusikia. Nirudishie mbao zangu."

"Hizo ziko kwa polisi. Mimi nimeshtaki kitabu."

"Umekisoma?"

"Ukurasa mmoja."

"Upi?"

"Ule wenye picha." Sivaprakasam hakuona aibu. "Kaka, gari ni letu. Babu yangu alivuta kamba ile, baba yangu aliivuta, na mimi mwaka huu nitakuwa mbele kabisa. Lakini yule mama profesa anawaonyesha watu wa nje mambo ya ndani."

"Utavuta nini? Gari halina daraja la chini. Umelifungia stoo!"

"Usinipandishie sauti, kaka. Nenda kazungumze na hakimu."

Masilamani aliiacha chai bila kuionja.

Ndani, Wakili Varadan wa upande wa profesa alimvuta pembeni. "Mzee, ukiulizwa, sema wale wapenzi ni roho ya mwanadamu ikiungana na Mungu."

"Ni mume na mke."

"Kwa maana ya ndani, mzee."

"Kwa maana ya ndani, ya nje na ya ubavuni. Wakili, nikichonga roho, miguu nitaiweka wapi?"

Profesa Hymavathi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na kitabu chake kimejaa vikaratasi vya alama, alicheka kidogo kisha akaacha. Alikuwa amekonda tangu siku ile ya kahawa. "Nisamehe, Asari. Sikujua yangefika kwako."

"Najua, mama," akasema. Hakuwa na hasira naye. Hasira yake ilikuwa imekosa mtu wa kumshukia. Kila aliyemkaribia alikuwa na adabu na hakuwa na kosa.

Hakimu alikuwa kijana mwenye macho mekundu na mlima wa majalada mbele yake. Masilamani alipoitwa hakungoja swali.

"Mheshimiwa, naomba mbao zangu. Mhimili mpya umeshawekwa, na imebaki miezi miwili mungu atoke."

"Subiri, mzee. Sheria ya machapisho machafu ina msamaha." Akafungua kitabu chake, akasoma polepole. Sanamu zilizochongwa hekaluni, au kwenye gari la kubebea miungu, sheria haizigusi. Akainua macho. "Je, mbao hizi ziko kwenye gari la mungu?"

"Ni za gari la mungu."

"Sikuuliza ni za nini. Nimeuliza ziko wapi."

"Ziko stoo yenu, mheshimiwa!"

"Kwa hiyo haziko kwenye gari."

"Haziko kwenye gari kwa sababu mmezichukua. Nipeni, nizipigilie misumari leo hii, kesho zitakuwa kwenye gari!"

"Siwezi kukupa hadi nijue kama ni halali. Na zilipopigwa picha zilikuwa ukutani kwako, sivyo?"

Wakili wa Sivaprakasam akasimama kusema kwamba ukuta wa karakana si hekalu. Wakili Varadan naye akasimama, akataja roho ya mwanadamu. Walijibizana mpaka karani akapiga miayo. Masilamani aliwatazama watu wazima, waliosoma wakamaliza, wakizunguka kama ng'ombe wa kinu cha kukamua mafuta, na damu ikamchemka hadi masikioni. Wapenzi walewale, wakiwa juu ya magurudumu ni ibada; wakiegemea ukuta ni uchafu.

Hakimu akagonga meza. Shauri litasikilizwa tena mwezi wa Chithirai. Yaani baada ya Panguni. Baada ya kamba, baada ya ngoma, baada ya kila kitu.

Wengine waliinama kukusanya karatasi. Masilamani alibaki wima kizimbani.

"Mheshimiwa, neno moja. Gari lenyewe ni la zamani, limebeba mungu tangu enzi za babu wa babu yangu. Nikilipigilia mbao tupu, hazina hata mkwaruzo, kisha nikaingia chini na kuzichonga zikiwa palepale garini, patasi yangu itakuwa na kosa?"

Mawakili wote wawili wakaacha kukusanya karatasi.

"Mahakama haitoi ushauri," hakimu akasema. Akaisoma tena ile sehemu ya sheria, midomo ikicheza. "Lakini ningekuwa polisi, nisingepata pa kuanzia."

Kazi ya namna hiyo hakuna fundi wa ukoo wa Asari aliyewahi kuifanya. Ubao huchongwa umelazwa chini, fundi amekaa kitako, mwanga ukimjia begani. Huku angelala chali kati ya magurudumu, vumbi la msaji likimwagikia machoni, mgongo wake ukiwa mgongo wa mtu wa miaka sitini na mbili. Mbao za kwanza zilikuwa zimemla masika mazima.

Nje ya ukumbi, profesa alimshika mkono. "Asari, kaa mpaka jioni. Wakili anataka kuandika maelezo yako. Wewe ndiye unayejua wale wapenzi wana maana gani, nami bila hayo naweza kupoteza kitabu."

"Mama, maana yake utaiona Panguni, gari likitembea. Njoo uvute kamba."

"Siruhusiwi kutoka mji huu bila kibali cha mahakama."

Masilamani akautoa mkono wake taratibu. Sivaprakasam alikuwa anashuka ngazi mbele yao.

"Wewe!" Masilamani akamwita. "Kesho alfajiri njoo karakanani. Kuna magogo ya kubeba."

"Mimi, kaka?"

"Babu yako alivuta. Wewe utaanza kwa kubeba."

Kisha akafunga msuli wake vizuri kiunoni na kuelekea stesheni, akitembea haraka kuliko alivyokuja, akikadiria kwa viganja hewani urefu wa ubao wa kwanza. Profesa alirudi kukaa kwenye benchi, kitabu mapajani, akingoja jina lake liitwe.