Baba yangu alivyojifunza kuomboleza kwa njia ya Wayahudi, hapa Nunguni

Wakuu, pokeeni salamu kutoka Nunguni, mahali ambapo baridi inakufunza kuheshimu sweta.

Ninayosimulia hapa ni kweli tupu. Pasta ninayemtaja yuko hai na simu yake ina bundles, kwa hivyo hata ningetaka kuongeza chumvi ningeogopa.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Nimekaa Mombasa, nikakaa Namanga, nikafika Juba, na kwa muda nilikuwa kibarua kwenye shamba la pilipili hoho huko kusini mwa Israeli, jangwani kabisa. Kila nilipoenda nilikumbuka nyumbani. Nikifika nyumbani, nakumbuka nilikotoka. Ndivyo nilivyoumbwa.

Mwaka jana mama yetu alifariki.

Tulimzika vizuri. Hema, kwaya tatu, maiki, watu hadi barabarani. Halafu hema likakunjwa, sufuria za kanisa zikarudi kanisani, na tukabaki wawili kwenye boma, mimi na baba.

Baba yangu ni Mzee Kilonzo, mzee wa kanisa tangu nikiwa shule ya msingi. Huku kwetu yeye ndiye hufungua kila kitu kwa maombi: harusi, mazishi, mkutano wa maji, hata mnada wa mbuzi. Akishika maiki, watoto wananyamaza bila kufinywa.

Lakini ndani ya nyumba aliacha kuongea. Kwenye mazishi hakulia. Chakula alikuwa anakisukuma pembeni ya sahani, hata muthokoi anaoupenda. Suruali ikaanza kumteleza, akaifunga kwa kamba.

Jirani yetu Mama Mutheu aliniambia bila kuzunguka: "Mutua, wazee hufuatana. Usipoangalia, tutasimamisha hema tena hapa."

Nilikosa usingizi kwa hayo maneno.

Ndipo nikamkumbuka bosi wangu wa pilipili, mzee wa Kiyahudi aliyeitwa Avner.

Avner alikuwa amefiwa na mke. Kila jioni kabla ya jua kuzama, alitembea hadi mwisho wa greenhouse na kuanza kuongea, mikono hewani. Mimi nilidhani ana earphone zile ndogo. Siku moja nikamuuliza anaongea na nani. Akasema, na Mungu, na nani mwingine ana muda?

Akanieleza kwamba kwao inaitwa hitbodedut. Maana yake ni kujitenga, kukaa peke yako. Kwanza unatulia mpaka usikie pumzi yako ikiingia na kutoka. Halafu unaongea kwa sauti, kama na rafiki, kwa lugha ile mama yako alikugombeza nayo. Kama una hasira, unaitoa. Kama huna maneno, unachukua neno moja na kulirudia mpaka mengine yafuate.

(Kabla mtu hajauliza: hapana, sijabadili dini. Mimi ni yule yule wa kukaa viti vya nyuma.)

Nikamweleza baba. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza bei ya mbolea.

"Nitaenda," akasema, "ili uache kunisumbua."

Akashuka shambani. Sikuwa nimemaliza hata kuwasha moto, akarudi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umeombea nini?"

"Taifa. Viongozi. Wagonjwa walio hospitalini. Na wote walio safarini."

"Na mama?"

Akaangalia mlango. "Mama yako hayuko safarini."

Wakuu, hapo ndipo nilielewa. Miaka yote hiyo baba alikuwa anaomba akiwa na watu nyuma yake. Alijua kuombea kila mtu. Kumwambia Mungu kitu chake mwenyewe, bila mtu wa kuitikia amina, hakuwahi. Na alikuwa ameenda kuomba kwa Kiswahili cha mimbari, shambani kwake, peke yake!

Nikamwambia, "Baba, acha taifa. Wacha Kiswahili. Ongea Kikamba cha jikoni."

"Kwa hivyo nimwambie Mungu chai haina sukari?"

"Mwambie."

Akanitazama kama anayemtazama mtu ambaye jua la jangwani limemharibu. Lakini kesho yake alienda.

Alikaa kwenye ukingo wa terrace ambapo mama alikuwa anapanda maharagwe. Mimi nilikuwa chini nikikata majani ya napier. Nikaona mabega yake yakipanda na kushuka kwa pumzi. Kisha nikasikia, "Ngai," yaani Mungu. Akavuta pumzi. "Ngai." Tena na tena, kama mtu anayebisha mlango wa jirani asiye na haraka ya kufungua.

Halafu jipu likapasuka.

"Ngai, huyu mtu ulimtoa Kabati, kule kwenye joto, ukamleta kwa hii baridi, akavumilia. Aliniambia twende Kitui akamwone dada yake. Mimi nikasema tuvune kwanza. Ulishindwa kungoja tuvune? Wewe si ndiye unaleta mvua? Hujui mavuno huchukua muda?"

Akalia. Alilia kama mtu anayetapika, kwa nguvu, amejishika magoti. Mimi niliweka panga chini nikasimama hapo hapo. Sikuenda kumshika. Avner alikuwa amenifunza kwamba mtu akiwa kwenye hiyo saa yake humkatizi.

Jioni hiyo alikula. Akaangalia ndani ya sufuria, akauliza kama hiyo iliyobaki ni ya mbwa.

Akaendelea kwenda kila jioni. Na hapo ndipo shida ilianza.

Mama Mutheu, akifunga ng'ombe wake, alimsikia baba. Habari ikateremka hadi sokoni na kurudi ikiwa imenenepa: Mzee Kilonzo anagombana na mtu shambani na huyo mtu haonekani. Na kijana wake ametoka nchi za watu na mambo yasiyojulikana.

Pasta akaja na timu ya maombi na chupa ya mafuta ya upako.

"Mzee Kilonzo, tumesikia unaongea na marehemu."

"Hapana," baba akasema. "Marehemu nikimwongelesha alikuwa ananijibu, tena haraka. Huyu ninayeongea naye hajibu. Ndiyo ujue ni Mungu."

Mama mmoja wa timu ya maombi akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Lakini wanasema unamgombeza."

"Pasta, kwa maiki yako nimempamba miaka yote. Sasa namwambia ukweli. Unataka nirudi kumdanganya?"

Pasta aliizungusha ile chupa mkononi. Hakuifungua. Akasema, "Basi Jumapili uje utuombee, kanisa lisikie unaomba namna gani."

Wote tulijua huo ni mtihani. Akikosea, uzee wa kanisa umekwisha, na kwa mtu kama baba nilijua atarudi kwenye kile kimya, na safari hii hatatoka.

Jumapili kanisa lilijaa, kuna waliotoka hadi Mukuyuni. Baba akaitwa mbele. Alipewa maiki, akaiweka juu ya meza. Akafumba macho na kuvuta pumzi. Watu wakaanza kutazamana. Kijana wa kinanda akadhani mzee amesahau maneno, akapiga noti moja ya kumsaidia, pasta akamwinulia mkono aache.

Baba akaongea kwa Kikamba, sauti ya kawaida:

"Ngai, namkosa Syokau. Nyumba imekuwa kubwa. Sijakusamehe vizuri, lakini bado nakuongelesha. Amina."

Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akilitaja jina la mama.

Hakuna aliyeitikia. Nikasema basi, kwisha.

Halafu nyuma kabisa Mama Mutheu akasimama, yeye ambaye mume wake alikufa zamani hata wengi tumemsahau, akasema kwa sauti, "Munyao." Jina tu. Upande wa wanaume mtu akasema, "Mutheki." Kisha mwingine, na mwingine, kanisa zima wakataja watu wao, kila mmoja kwa sauti ya nyumbani kwake. Pasta pia alimtaja ndugu yake. Sikujua kama alikuwa na ndugu.

Nimetembea nchi nyingi, wakuu. Sijawahi kujivunia kuwa mtoto wa mtu kama nilivyojivunia pale.

Funzo nililopata ni dogo. Sisi tunajua sana kuzika, na tunajua kuombea wengine. Huzuni yako mwenyewe inataka uiketie, uisikie, kisha uiseme kwa maneno yako. Baba bado ana siku mbaya, sitawadanganya. Siku hizo huenda shambani mapema.

Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge kwa heshima. Na kama kuna mtu wako, andika jina lake hapa chini. Jina tu linatosha.