Otilia na Kamba ya Kupandia Mwamba

Ukitaka kuniona nimefura, nitajie tu kaka yake Otilia. Mimi ni mtu wa Mbeya, nauza viatu vya mitumba hapa Majengo, Sumbawanga, na Otilia ni rafiki yangu tangu siku aliponizalisha Ambilikile wangu. Ni mkunga. Mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, Mfipa wa huku huku uwandani, hana mume wala mtoto, na kwa sababu hiyo peke yake watu wa kwao wameamua kwamba hana shughuli.

Kila mwaka mwajiri wake humpa likizo, na kila mwaka kaka yake Wilibrodi huichukua. Haombi. Humtumia salamu tu kwamba ulezi umekauka, na Otilia hufunga begi. Huko kijijini, njia ya kwenda Laela, anainama shambani na kisu mkononi, anakata masuke mpaka mgongo unagoma kunyooka. Jioni anapika yeye, maana wifi yake Agnesi amechoka. Asubuhi wagonjwa wamejaa mlangoni, maana nesi yupo. Akirudi mjini amekonda, wenzake wa kazini wanamwuliza, "Vipi, umepumzika?" Hilo swali nikilisikia natamani kumrushia mtu kiatu.

Mwaka huu alikuja kibandani kwangu akiwa na jambo. Alikaa juu ya marobota, akanionyesha video kwenye simu. Mama wa makamo, umri wetu kabisa, kajishikiza kwa vidole kwenye jabali, mkanda umemfunga kiunoni na mapajani ukashikizwa kwenye kamba, chini kuna mtu anaishika ile kamba asianguke.

"Nataka hiki," akasema.

Nikadhani anataka suruali aliyovaa yule mama. Nikaanza kupekua.

"Suruali ya nini, mama Ambi? Nataka kupanda mwamba. Likizo hii. Sitaki kushika jembe, sitaki kushika kisu, sitaki kushika mtoto wa mtu yeyote. Nataka kushika jiwe."

Nilicheka, nisidanganye. Kisha nikamtazama usoni nikaacha.

Basi tukapanga. Kuna kijana wa kwetu Mbeya anaitwa Jafeti, alijifunza huko Moshi kazi ya kupandisha watu miamba, na kiangazi huwaleta wanaoanza kwenye kingo za huku kwetu, pale uwanda unapokatika ghafla na kutazama bonde la Rukwa. Otilia alimpigia simu akamhoji kama anahoji mjamzito. Jafeti akamweleza taratibu: mtu mpya hapandi peke yake, anaanza kwa kujifunza mafundo, halafu anajifunza kuanguka, ndipo anaruhusiwa kupanda. Akate kucha. Asubuhi ale kidogo. Aje na viatu vya kubana vyenye soli laini, na sweta, maana upepo wa Juni pale ukingoni hauna adabu.

Viatu vilikuwa kwangu. Vilitoka kwenye robota moja, vyeusi, havina kisigino, vimebana ncha, kila mteja alikuwa akiviinua na kuniuliza ni vya mlemavu gani. Otilia akavivaa. Alivivaa akiosha vyombo, akivizoesha miguu, huku akikunja uso kwa maumivu. Jioni alikuwa akining'inia kwenye fremu ya mlango wa chumba chake mpaka plasta ikaanza kudondoka. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na furaha kama ile.

Kitu kimoja tu alikataa kumsikiliza Jafeti. Jafeti alisema kamba anazo, asinunue. Otilia akasema yeye wodini havai glavu iliyovaliwa na mtu mwingine, na kamba ya kubeba roho yake ataijua tangu ikiwa mpya. Akaagiza Arusha. Ikaja kwa basi, ya buluu yenye nyuzi nyekundu, nene kama kidole, ndefu sana. Akaitundika nyuma ya mlango wa chumbani.

Otilia alimwambia kaka yake, tena kwa heshima. "Shikamoo kaka. Mwaka huu kwenye ulezi msinitegemee. Nina mambo yangu." Wilibrodi akauliza mambo gani. Otilia akasema ni mambo yake. Basi.

Sasa nifike penye hasira yangu. Agnesi alikuja mjini kung'oa jino, akalala kwa Otilia kama kawaida. Akaiona kamba nyuma ya mlango. Mwanamke anayeishi peke yake, hana mtoto, amekataa kwenda kwao, na ana kamba mpya chumbani. Mtu mwingine angeuliza, "Wifi, hii ya nini?" Agnesi hakuuliza. Kwao jambo zito haliulizwi kwa mwenyewe, eti ni kumvunjia heshima. Linabebwa kimya kimya na kupelekwa kwenye kikao. Akamshukuru wifi yake kwa uji, akapanda gari akiwa ameshika shavu, akaenda kuitisha kikao.

Siku chache baadaye niliona watu wamejipanga wanapita mbele ya kibanda changu. Wilibrodi mbele, amevaa koti la Jumapili. Nyuma yake Agnesi, katekista wao Theodory, na shangazi wawili wenye mitandio. Nikawasalimu, wakaitikia wakitazama chini. Nikamwachia jirani biashara nikawafuata.

Otilia alikuwa kazini. Agnesi anajua ufunguo unakaa wapi, akafungua. Nilipofika, viti vyote vilikuwa vimesukumwa ukutani, shangazi wameketi kwenye mkeka, Agnesi amewasha mkaa na kubandika chungu cha maharage ya Otilia, na Theodory ameanza rozari. Uani, Wilibrodi alikuwa na panga. Ameiweka ile kamba ya buluu juu ya gogo na anaikata vipande.

"Kaka Wilibrodi, unafanya nini?" nikapiga kelele.

"Mama, haya ni ya familia," akanijibu, na panga likashuka tena.

Otilia akaingia na sare yake ya kazi. Akasimama mlangoni. "Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele, amina," wakaitikia wote kwa sauti ya msibani.

Akatazama viti. Akatazama chungu. "Nani amekufa?"

Agnesi akaangua kilio. Theodory akasimama, akaanza kwa upole, "Mwanangu Otilia, hakuna huzuni isiyo na dawa. Ungetuambia." Lakini Otilia alikuwa ameshaona vipande kule uani. Akapita katikati yao.

"Nani amekata kamba yangu?"

"Mimi," akasema Wilibrodi. "Na ukinunua nyingine nitaikata. Mtoto wa mama yangu hajinyongi mimi nikiwa hai."

Na akalia. Nisimwonee: alilia kwelikweli, mzee mzima, mabega yanatikisika, panga mkononi. Nikasema moyoni, kumbe wanampenda.

Otilia alimshika mkono akamketisha. Akatoa simu, akawaonyesha video. Yule mama kwenye jabali, mkanda, kamba, mtu wa chini. Akawaeleza habari ya Jafeti, ya mafundo, ya viatu. Waliirudia video mara kadhaa. Shangazi mmoja akaanza kucheka, mwingine akafuata, Theodory akafanya ishara ya msalaba, na Agnesi akapiga makofi. "Wifi jamani! Ungetuua kwa presha!" Nyumba ikachangamka. Maharage yakanukia.

Wilibrodi akafuta macho kwa mkono wa koti. Akavuta pumzi ndefu. Akatabasamu.

"Kumbe ni matembezi tu!" akasema. "Mungu mkubwa. Basi fungasha, dada, gari la kurudi lipo. Ulezi umeshakauka."

Nasema hivi: nimeishi Sumbawanga miaka mingi, nimedhulumiwa na madalali, nimeibiwa marobota, lakini sijawahi kukasirika kama dakika ile. Nilifungua kinywa nimwage yote niliyoyaweka tangu likizo ya kwanza niliyoishuhudia. Otilia akaniwahi. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililowatisha.

"Kaka. Ungekuta nimejinyonga, ulezi ungevunwa na nani?"

Wilibrodi akawageukia shangazi.

"Nauliza. Mngezika, mngekaa matanga, na ulezi uko shambani. Angevuna nani?"

"Wangevuna hawa," Wilibrodi akasema polepole. "Vijana. Agnesi na wenzake. Tungetafuta watu."

"Basi watafute hao hao. Nikitaka kufa unakuja na katekista. Nikitaka kuishi unakuja na kisu cha ulezi. Mimi ni nani kwako?"

"Usiniaibishe mbele ya watu, Otilia."

"Watu umewaleta wewe."

Theodory alikohoa akasema labda wale kwanza. Wakala, hebu fikiria! Walikula maharage yake mpaka chungu kikabaki cheupe. Na wakati wa kuondoka, Wilibrodi alikusanya vile vipande vya kamba akavifunga pamoja.

"Hivyo unapeleka wapi?" nikamwuliza.

"Vya kufungia ng'ombe wa plau. Vimeshakatika, vitamsaidia nini? Kamba imara hii."

Nilimfuata mpaka njiani nikimtukana kwa Kinyakyusa, lugha ambayo haijui, ili nisipungukiwe na maneno.

Siku ya kupanda tulienda bila kamba yake, tukitegemea za Jafeti. Niliifunga biashara nikamsindikiza, maana niliogopa akibaki peke yake huruma itamrudisha shambani. Pale ukingoni upepo ulikuwa unakata, nyasi zote zimelala upande mmoja, na chini kabisa ziwa linaonekana jembamba na kijivu. Jafeti akamfunga mkanda, akamkagulia fundo, akamwambia apande.

Alipanda kama urefu wa paa la nyumba, akakwama. Miguu ikaanza kutetemeka kama cherehani. Anashikilia jiwe kwa nguvu zote, vidole vimekuwa vyeupe.

"Achia mikono, mama!" Jafeti akasema. "Kaa kwenye kamba, imekushika."

Hakuachia. Mimi chini machozi yananitoka kwa hasira, kwa sababu nilielewa. Ni lini, katika maisha yake yote, kuna kitu kimemshika Otilia? Yeye ndiye hushika. Alikaa pale akihema mpaka vidole vikashindwa vyenyewe, akaanguka, kamba ikamdaka, akabaki ananing'inia hewani na viatu vyake vya ajabu. Akapiga ukelele. Halafu nikasikia anacheka.

Akapanda tena. Hakufika kileleni, ni mtu wa siku ya kwanza. Alifika kwenye kibaraza kidogo cha jiwe, akajifunga kama alivyofundishwa, akaketi. Akakaa. Jafeti akaniuliza kama huwa anaumwa. Nikamwambia amwache.

Aliposhuka vidole vilikuwa vinavuja damu na simu yake mkononi mwangu ilikuwa inaita. Wilibrodi. Akaipokea, nami nikasogeza sikio.

"Haya, wameniambia uko huko," sauti ya kaka yake ikasema. "Umefika juu. Sasa umepata nini?"

"Nimekaa, kaka."

"Umekaa?"

"Nimekaa tu. Hakuna aliyenituma."

Wilibrodi akasema, kwa sauti ya mtu mwenye akili timamu kabisa, "Basi kama umeshakaa, kesho si unaweza kuja?"

Otilia hakumjibu. Alinipa simu ikiwa bado inaongea, akapangusa damu kwenye suruali, akarudi kushika jiwe. Mimi nikaizima.